Gofu Baada ya Saa Tisa na Nusu: Mwongozo kwa Mtu wa Kigoma Mwenye Kazi na Familia

Mtumishi anayehamishiwa Kigoma kutoka Arusha, Moshi au Dar es Salaam hufunga vyombo, huwatafutia watoto shule, huulizia nyumba ya kupanga Mwanga au Bangwe. Kama ni mcheza gofu, begi la fimbo hupakiwa mwisho kabisa, juu ya magodoro, na likishafika husukumwa nyuma ya mlango wa stoo. Miezi inapita. Wenzake wa zamani wakimpigia simu kumuuliza kama bado anacheza, huwaambia kwamba kazi ni nyingi na viwanja viko mbali.

Viwanja viko mbali kweli. Dar es Salaam Gymkhana, Lugalo ambako mwenyeji ni jeshi, JWTZ, Morogoro Gymkhana, Arusha Gymkhana, TPC Moshi na Kili Golf kule Usa River, vyote viko mashariki na kaskazini mwa nchi, na reli ya kati kutoka Dar hadi Kigoma ina zaidi ya kilomita 1,200. Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, nako gofu huchezwa, lakini kuna mpaka wa kuvuka na hati za kuonyesha.

Hata hivyo umbali haustahili lawama yote. Wapo watu wanaoishi jirani na Lugalo ambao nao fimbo zao zimeota kutu tangu walipopata watoto, wakaanza kujenga, wakapandishwa vyeo. Kinachoua gofu ya mtu mzima ni imani kwamba bila raundi kamili ya mashimo 18 hakuna gofu. Raundi hiyo huchukua saa nne au zaidi, na ukiongeza kwenda, kurudi na maongezi ya baadaye, Jumamosi imekwisha. Mtu mwenye mke au mume, watoto, wazazi wanaougua na vikao vya harusi hawezi kuitoa Jumamosi nzima kila wiki, na wala hapaswi. Anachoweza kutoa ni dakika thelathini au arobaini, mara tatu kwa wiki, karibu na nyumbani, kisha raundi za kweli azitunzie safari. Kwa utaratibu huo mkazi wa Kigoma anaweza kupiga mpira vizuri kuliko alivyopiga alipokuwa mwanachama wa klabu.

Jambo la kwanza ni kujua saa. Hapa Kigoma ina neema ambayo wengi hawajaitumia. Tanzania nzima hufuata saa moja ya Afrika Mashariki, lakini Kigoma iko karibu nyuzi kumi magharibi ya Dar es Salaam, na nyuzi kumi ni kama dakika arobaini za jua. Kwa hiyo jua la Kigoma huzama karibu saa 1 ya jioni mwaka mzima, na mwezi wa Februari linaweza kufika saa 1 na dakika 20. Ofisi za serikali hufungwa saa 9:30 alasiri. Mtumishi wa Dar akitoka kazini huingia kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo au ya Morogoro, na giza linaweza kumkuta njiani. Wa Kigoma yuko nyumbani kabla ya saa 10, amebadili nguo, amekunywa chai, na bado ana zaidi ya saa mbili za mwanga. Hesabu hiyo hiyo inakataza mazoezi ya alfajiri: saa 12:30 asubuhi Kigoma bado kuna ukungu wa giza kwa sehemu kubwa ya mwaka, na saa 1:30 mtu anatakiwa awe mezani kwake. Wanaosifia gofu ya asubuhi na mapema wanaishi kwingine. Huku saa ya gofu ni jioni.

Mfanyabiashara ana kalenda nyingine. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, hivyo mitumbwi mingi hupumzika siku za mbalamwezi. Mwenye vyombo vya uvuvi Kibirizi au Katonga, na hata mnunuzi anayesafirisha dagaa, anajua kila mwezi una siku kadhaa za utulivu. Hizo ndizo siku zake. Azitie alama kwenye kalenda mapema, kabla wengine hawajazijaza.

Zoezi la kwanza hufanyika ndani ya ua. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 huhesabiwa mipigo 72 kwa mchezaji hodari, na kila shimo limetengewa mipigo miwili ya kusukuma mpira ukiwa tayari kwenye grini, yaani eneo laini linalozunguka shimo. Yaani 36 kati ya 72, nusu kamili, haihitaji misuli wala uwanja mpana. Inahitaji sehemu tambarare yenye urefu wa hatua nne au tano. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108. Kopo tupu la maziwa ya unga la gramu 400 linakaribia upana huo na ni jembamba kidogo, jambo ambalo ni zuri kwa mazoezi. Lifukie usawa wa ardhi pembeni ya ua, au lilaze sakafuni juu ya zulia.

Asije mtu akaona aibu kusukumia mpira kwenye udongo uliofagiliwa. Viwanja vingi vya Afrika Mashariki vilijengwa enzi ambazo maji ya kumwagilia majani hayakutosha, na badala ya grini za nyasi vilikuwa na duara za mchanga uliochanganywa na mafuta na kusawazishwa kwa reki. Vizazi vya wachezaji wazuri vililelewa juu ya mchanga huo. Fagia, mwagia maji kidogo, shindilia, na una grini. Anza na hatua moja kutoka kwenye kopo. Usirudi nyuma hadi mpira umeingia mara kumi mfululizo. Kisha hatua mbili. Watoto watataka kujaribu, na waachwe wajaribu, maana mzazi anayecheza na wanawe hahesabiwi kwamba ameitoroka familia.

Halafu kuna mchanga wa ziwani. Hapa mkazi wa mwambao wa Tanganyika amebarikiwa kuliko mwanachama wa klabu yoyote. Mchezaji wa kawaida huogopa bunka, yaani shimo la mchanga uwanjani, kwa sababu huingia humo mara moja moja tu, na klabu nyingi hazina mahali pa kujifunzia. Huku kuna ufuko wa kilomita na kilomita, kuanzia fukwe za Ujiji hadi ule wa Jakobsen, kusini mwa mji wa Kigoma, ambao mgeni huingia kwa kulipia. Chukua fimbo fupi yenye uso uliolala, ile inayoitwa weji, na usichukue mpira hata mmoja. Chora mstari mrefu kwenye mchanga mkavu, simama ukiwa umeitanua miguu yako pande mbili za mstari, fungua uso wa fimbo kidogo, kisha piga ili fimbo iingie mchangani pale pale kwenye mstari na kutokea mbele yake. Songa hatua moja, piga tena. Ukifika mwisho geuka utazame makovu: yakianza nyuma ya mstari, uzito wako umebaki mguu wa nyuma, yakianza mbele, umenyanyuka mapema. Siri ya bunka ni kwamba fimbo huupiga mchanga kama sentimita tano nyuma ya mpira, na mchanga ndio unaoutoa mpira. Anayeweza kuuona mstari wake ukifutika sawasawa mara ishirini hana haja ya kuogopa bunka za Kili Golf.

Kuna adabu za ufukweni, na hizi si za kuchagua. Usipige kabisa mpira kuelekea ziwani. Mipira ya gofu ni ya plastiki na mpira, haiozi, na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, halirudishi kilichozama. Pia kuna mitumbwi, waogaji, na akina mama wanaofua. Usisogelee sehemu ambazo dagaa wameanikwa. Mchanga kidogo uliorushwa na weji unaweza kuharibu kazi ya mtu ya usiku kucha. Na usiingie kwenye matete kutafuta mpira uliopotea. Ziwa lina mamba na viboko. Kule Jinja, Uganda, klabu ya gofu ilijulikana kwa kanuni yake ya kienyeji: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, mchezaji aliruhusiwa kuuondoa bila adhabu. Kanuni kama hiyo haitungwi mahali ambapo viboko ni hadithi.

Mipigo mirefu inahitaji eneo la wazi, na njia ya heshima ni kuomba. Kiwanja cha shule jioni baada ya wanafunzi kuondoka, eneo la taasisi, au shamba lililokwisha kuvunwa: nenda kwa mwalimu mkuu au mwenye eneo, eleza unachotaka kufanya, ahidi kutocheza watu wakiwapo, na timiza. Anza na mipira ya plastiki yenye matundu, ambayo hairuki mbali wala haivunji kioo. Mpira halisi una uzito usiozidi gramu 45.93 lakini ni mgumu kama jiwe, na mtu aliyepigwa nao kichwani hupelekwa hospitali ya Maweni. Kwa hiyo mpira halisi utumike tu pale ambapo mpigaji anaona mbele yake mita mia mbili zisizo na mtu, na tena kwa fimbo fupi. Hakuna sababu ya kutoa draiva, fimbo ya mipigo mirefu kabisa, begini Kigoma. Mpigo wa mita arobaini unaoangukia pale ulipotaka uanguke utakuokoa mara nyingi zaidi katika raundi kuliko mpigo mmoja wa mita mia mbili na arobaini.

Majira nayo yana amri. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kiangazi, nyasi ni fupi, ardhi ni ngumu, na upepo wa kusi huvuma. Huo ni wakati wa kujifunza kupiga chini ya upepo: mpira uwekwe nyuma kidogo katika msimamo, mikono itangulie, fimbo imalizie chini. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua. Nyasi ndefu huficha nyoka, basi usiingize mkono mahali usipopaona. Tumia fimbo kupekua. Radi ndiyo hatari kubwa. Maziwa Makuu na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi, na mtu aliyesimama kiwanjani akiwa ameinua chuma juu ya kichwa chake anajiweka pabaya. Sheria za gofu zenyewe humruhusu mchezaji kusimamisha mchezo bila adhabu akiona kuna hatari ya radi, hata katikati ya mashindano. Ukisikia ngurumo, ondoka, usisubiri kumaliza mipira. Siku za mvua ni za kopo la maziwa sebuleni. Mbu pia huanza kazi jua linapozama, hivyo maliza kabla ya giza.

Sasa nyumbani. Wachezaji wengi hupoteza gofu kwa kuifanya siri au kwa kuifanya vita. Keti na mwenzako, taja siku tatu na muda wake: Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 10:30 hadi saa 11:10, kwa mfano. Ijumaa iachwe kwa ibada na maandalizi yake, Jumapili kwa kanisa na wageni. Mwenzako naye ataje siku zake za kutoka, na zipewe uzito ule ule. Msiba ukitokea, zoezi linafutwa bila kunung'unika wala kudai fidia wiki inayofuata. Mwezi wa Ramadhani, ambao Ujiji huusimamia kwa ukamilifu, mwenye kufunga asijitese kwenye jua la alasiri. Nusu saa ya kusukumia mpira ua ukiwa na kivuli, au baada ya tarawehe ndani ya nyumba, inatosha kuutunza mkono usisahau. Mwili wa mtu wa miaka arobaini na mitano haupendi kutolewa kwenye kiti cha ofisi na kuzungushwa ghafla. Dakika tano za kunyoosha kiuno, nyonga na mabega kabla ya mpigo wa kwanza ni sehemu ya zoezi, tena sehemu inayookoa mgongo.

Safari ndizo raundi. Mkazi wa Kigoma huenda Dar au Dodoma kwa semina, kwa matibabu, kwa kufuata mzigo, kwa harusi ya ndugu. Kabla ya kukata tiketi, piga simu klabuni uulize mambo manne: ada ya mgeni, saa za kuanza, malipo ya kedi anayebeba fimbo, na kanuni ya mavazi, ambayo kwa kawaida hutaka shati lenye kola. Omba mashimo tisa. Yanamalizika kwa saa mbili hivi, na mtu anaweza kuyacheza mchana semina ikifungwa mapema bila kumkosea mwenyeji wake. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inakwenda Morogoro kutoka Dar, na tangu mwishoni mwa Julai mwaka huo inafika Dodoma, hivyo uwanja wa Morogoro Gymkhana, chini ya milima ya Uluguru, unaweza kufikiwa kutoka miji yote miwili na kurudi siku ile ile. Begi zima la fimbo kumi na nne, ambazo ndizo kikomo cha sheria, ni mzigo usio wa lazima kwenye ndege. Beba saba: fimbo moja ndefu, za kati tatu, weji mbili na ya kusukumia. Ulizia uzito unaoruhusiwa kabla ya kufika uwanja wa ndege.

Kumbuka pia tofauti ya mwinuko. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka Dar hewa ni nzito zaidi na mpira utapungua kidogo, basi chagua fimbo ndefu kidogo kuliko uliyozoea. Ukipanda Arusha, iliyo kama mita 1,400, fanya kinyume.

Anayetaka handikapu, yaani kipimo kinachomwezesha mchezaji dhaifu kushindana kwa haki na hodari, asidhani ni kwa wanaocheza kila wiki. Mfumo wa dunia ulioanza mwaka 2020 unataka mashimo 54 tu ili kumpa mtu handikapu ya kwanza, na yanaweza kukusanywa kwa raundi za mashimo tisa tisa. Ni raundi sita. Kikomo cha juu ni 54.0, kwa wanaume na wanawake sawa, kwa hiyo anayeanza ana nafasi. Jiunge na klabu iliyo chini ya chama cha gofu nchini, hata iwe mbali, cheza na mtu atakayethibitisha kadi yako, na iwasilishe kabla ya kuondoka mjini. Safari za mwaka mmoja au miwili za mtumishi wa kawaida zinatosha.

Na asiyewahi kushika fimbo? Larry Nelson wa Marekani alianza gofu akiwa na miaka 21, baada ya kurudi kutoka vita vya Vietnam, kisha akashinda mashindano makubwa matatu: ya PGA mwaka 1981 na 1987, na US Open mwaka 1983. Tom Watson alikuwa na miaka 59 alipokosa kidogo sana kutwaa The Open kule Turnberry mwaka 2009, na Phil Mickelson alishinda PGA mwaka 2021 akiwa na miaka 50. Hao ni mabingwa, na mhasibu wa Kigoma hatakuwa bingwa. Lakini hakuna michezo mingi ambayo mtu wa miaka hamsini bado anaweza kupanda kiwango, na huu ni mmojawapo. Anayeanza asinunue seti mpya. Atafute fimbo tatu zilizotumika, namba 7, weji na ya kusukumia, na safari yake ya kwanza Dar au Arusha alipie saa moja ya mwalimu kabla ya kitu kingine chochote. Makosa ya mshiko yakikaa mwaka mzima hayatoki kirahisi.

Ukianza kupiga mipira kiwanjani, watoto watakuja. Hilo ni la uhakika, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji. Wataomba kuokota mipira. Usiwafukuze, na usiwatumie bure. Waweke nyuma yako, wasikae mbele hata siku moja. Wape ruhusa ya kuokota pale tu ulipoweka fimbo chini. Hakikisha wana viatu, na uwe umeongea na wazazi wao. Kisha kila jioni mpe mmoja wao fimbo, umwonyeshe mshiko, apige mipira mitano. Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba fimbo za wengine, na waliofika walifika kwa sababu mtu mzima mmoja aliwaruhusu kupiga. Watoto wa Kigoma hawana klabu ya kwenda kubeba fimbo. Wanaye wewe, na begi lililo nyuma ya mlango wa stoo. Litoe wiki hii.